Teisco ya miaka ya 1960: shingo kwanza, bei baadaye

Huku Mtwara na Lindi gitaa la umeme la zamani hujitokeza kwa njia chache: stoo ya bendi iliyovunjika, kwaya iliyopata vyombo vipya, au mtu wa Dar es Salaam anayetuma picha usiku na kusema kuna mteja mwingine anakuja asubuhi. Kati ya yote, yanayowachanganya wanunuzi zaidi ni Teisco za Kijapani. Maumbo yake hayafanani na Fender wala Gibson, kifuani lina bati linalong'aa, swichi zimejipanga kama za redio, na pikapu, yaani sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, ni mbili, tatu, hata nne. Nayapenda sana magitaa haya, na kwa sababu hiyohiyo sitaki mtu auziwe gogo. Naandika kwa ajili ya yule ambaye picha imeshamfikia na moyo umeshakwenda.

Kulitambua si kazi kubwa. Teisco ilianzishwa Tokyo mwaka 1946, ikanunuliwa na Kawai mwaka 1967. Katikati hapo kiwanda kilitengeneza magitaa yaliyouzwa kwa majina mengi: Teisco Del Rey, Silvertone, Kent, Kingston. Kwa hiyo jina la kichwani lisikubabaishe, tena mara nyingi limeshabanduka. Tazama nyuma, pale shingo inapoungana na mwili: bamba la chuma lenye skrubu nne, na mara nyingi limegongwa maandishi ya kuonyesha limetoka Japani. Gitaa likiwa na tundu la kushikia kwenye mbao ya mwili, kama mpini wa ndoo, hiyo ni TG-64 au ndugu yake. Likiwa na swichi za rangi mbalimbali na pikapu zilizogawanywa kwa stirio, huenda umeshika Spectrum 5 ya 1966. Hiyo ni adimu na bei yake ni mazungumzo mengine.

Sasa shingo. Hiyo ndiyo gitaa lenyewe. Vingine karibu vyote fundi redio mwenye mkono mwepesi anaviweza hapahapa. Shingo hawezi. Teisco nyingi za bei nafuu hazina chuma cha kurekebisha. Kichwani utakuta kibandiko kinachotangaza kwamba shingo imeimarishwa kwa chuma. Ni kweli imeimarishwa, lakini chuma hicho kimelala tu ndani, hakina nati ya kukaza wala kulegeza. Ikishapinda, imepinda.

Usiipime nyuzi zikiwa zimelegea. Nyuzi zikilegea shingo hunyooka, na muuzaji anaweza kukuonyesha shingo safi bila hata kujua kwamba anaficha kitu. Tuni gitaa hadi sauti yake kamili, liache dakika 20, ndipo upime. Bana uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), ubane tena kwenye freti ya mwisho, halafu angalia nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Uzi uliobanwa pande mbili ni rula. Kipimo chako kiwe karatasi za fotokopi za gramu 80, ambazo kila moja ina unene wa karibu milimita 0.1. Zikipenya mbili au tatu bila kuunyanyua uzi, shingo ni nzuri sana. Zikipenya tano, bado inapigika kwa nyuzi nyembamba. Zikipenya nane na hakuna chuma cha kurekebisha, liache, isipokuwa bei iwe ya vipuri. Na kama haipenyi hata moja, uzi umelalia freti zote, shingo imepinda kinyumenyume. Nyuzi nene zinaweza kuivuta kidogo, lakini zaidi ya hapo hakuna njia rahisi.

Baada ya hapo lishike kama mtu anayelenga bunduki, tazama kutoka kichwani kuelekea darajani, pale nyuzi zinapokalia mwilini. Mstari wa freti za juu na mstari wa daraja viwe sambamba. Kimoja kikilala upande, shingo imejisokota, na shingo iliyojisokota siinunui hata kwa bei ya nyuzi.

Kitu kimoja huwakimbiza watu bure: nyuzi kuwa juu. Kama pale freti ya 12 nafasi ni milimita 4 lakini shingo imenyooka kwa kipimo cha karatasi, hiyo ni habari njema, maana unaweza kushusha bei kwa kasoro inayotibika kwa kipande cha kadi. Unafungua zile skrubu nne, unaweka kadi ngumu ya nusu milimita kwenye kitako cha shingo, upande ulio karibu na pikapu, unafunga. Kichwa kinarudi nyuma kidogo, nyuzi zinashuka. Ukikuta kipande cha zamani humo ndani usikitupe, kimewekwa na mtu aliyejua anachofanya. Matundu ya skrubu yakiwa yamelegea, yazibe kwa kijiti cha mninga na gundi ya mbao, kisha utoboe upya. Mpingo tunao tele mikoa hii, na ni mti bora kabisa kwa ubao wa freti, lakini kwa kazi ya kuzibia ni mgumu mno. Skrubu ikiingia bila tundu la kipimo chake, kijiti kinapasuka.

Kwa mpiga solo wa dansi kuna jaribio ambalo hutalikuta kwenye maelekezo ya Wazungu. Wao hujaribu kodi (chords) za freti za chini. Sisi kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, tunaishi freti ya 9 hadi ya 17, nyuzi tatu nyembamba, kwa saa nzima. Kwa hiyo piga noti mojamoja huko juu, kila freti, kila uzi. Noti inayokufa haraka au inayotoa mlio wa bati inaonyesha freti iliyonyanyuka au mwisho wa shingo uliojikunja pale inapoingia mwilini. Freti ikiwa na kimo cha milimita 1 bado ina maisha marefu. Ikishuka chini ya 0.6, hesabu gharama ya freti mpya zote. Nyingi za Teisco zina freti ya ziada mwanzoni kabisa, mbele ya kipande kinachotenganisha nyuzi. Hiyo hulika kuliko zote, na uzi ukikwaruza ukiwa wazi lakini ukanyamaza ukiubana, kosa liko hapo. Ni freti moja tu, haitishi.

Daraja lake mara nyingi halikupigiliwa, limekaa tu kwa uzito wa nyuzi. Watu hulisukuma wakati wa kufuta vumbi, kisha gitaa linatangazwa kuwa "halituni". Pima kwa futi kutoka mwanzo wa uzi hadi freti ya 12, halafu kutoka freti ya 12 hadi darajani. Umbali wa pili uzidi wa kwanza kwa milimita 1 hadi 2 kwenye uzi mwembamba, na milimita 3 hadi 5 kwenye uzi mnene. Ukilirudisha mahali pake na sauti ya freti ya 12 ikalingana na ile ya kugusa uzi hapohapo bila kuubana, ugonjwa umekwisha.

Kwa umeme, nenda na malitimita. Chomeka waya wa gitaa, fungua volyumu na toni hadi mwisho, pima ohm kwenye ncha ya pili ya waya, pikapu moja baada ya nyingine kwa swichi zake. Kusoma 3,000 si kasoro, wala 8,000. Pikapu za zamani za Kijapani hazina namba moja. Kinachotisha ni pikapu moja kusoma tofauti kabisa na nyingine za gitaa hilohilo. Ikisoma laki kadhaa, unasoma volyumu peke yake, maana yake koili, yaani waya uliosukwa ndani ya pikapu, imekatika. Ikisoma sifuri huku volyumu imefunguliwa, kuna waya unagusa mahali usipotakiwa.

Koili iliyokatika haimaanishi lazima isukwe upya. Hapa pwani chumvi hula kwanza pale waya mwembamba wa koili unapolehemiwa kwenye waya mnene wa kutokea. Ukifungua kwa lenzi utaona kidoti cha kijani, na ncha ya shaba nyembamba kuliko unywele imebaki hewani. Ukipata nusu sentimita ya ncha hiyo, ikwangue rangi taratibu kwa wembe, lehemu, pikapu inarudi. Mkato ukiwa ndani ya mizunguko, ndipo kuna shida ya kweli. Mafundi wetu wa kusuka mota za pampu na feni wana mikono mizuri, lakini waya wao ni mnene mno. Pikapu inahitaji waya wa karibu milimita 0.06, mizunguko maelfu kadhaa. Pikapu moja mfu kati ya nne mimi naivumilia. Moja kati ya mbili, bei ishuke sana.

Swichi zinazokatakata ni kutu na vumbi tu, zitibu kwa spirei ya kusafishia saketi wanayotumia mafundi simu. Usitie mafuta ya bawaba, yanabaki na kunasa vumbi jipya. Volyumu ikihitaji kubadilishwa, mwambie fundi atafute ya kilo-ohm 250 au 500. Ya redio ya kilo-ohm 50 inaingia vizuri kwenye tundu, lakini inameza sauti kali zote, na utalaumu pikapu bure. Kapasita ya toni iandikwe 223 au 473. Ukishika nyuzi na mlio wa "mmmm" ukapungua, waya wa ardhi wa daraja upo. Ukishika na mlio ukazidi, waya huo umekatika au umeunganishwa vibaya.

Likija na amplifaya yake ya Kijapani, usichomeke ukutani. Huenda ni ya volti 100 au 117, sisi tuna 230. Na hata ukiwa na transfoma, usishike nyuzi na kugusa maikrofoni ya mfumo mwingine kabla ya kupima volti kati ya nyuzi na maikrofoni hiyo. Soketi nyingi hazina ardhi, na kidole kinaweza kuwa njia ya umeme.

Geuza gitaa, lipige taratibu kwa kiganja juu ya karatasi nyeupe. Vumbi laini kama unga na vitundu vya milimita 1 au 2 ni bungua, na bungua huhamia kwenye milango yako. Ukiligeuza, tafuta pia namba ya rangi iliyochorwa kwa brashi. Bendi nyingi za dansi za Tanzania zilikuwa mali ya taasisi, kama NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo havikuwa vya mwanamuziki. Ukiona namba ya mali, omba barua ya kuuzwa kwake. Hata bila namba, andikishianeni mbele ya mjumbe, namba ya bamba la nyuma iwemo kwenye karatasi.

Bei nakupa dari moja tu: gitaa jipya la kawaida linalopigika pale Kariakoo. Teisco yenye shingo nzuri na pikapu zote hai inaweza kufika hapo. Kila pikapu mfu, freti zilizokwisha na funguo za kukazia nyuzi zilizoshika kutu hadi tone la mafuta ya cherehani lishindwe, zikatwe kutoka hapo. Bei za wakusanyaji wa Marekani hazikuhusu, maana siku ya shida hutampata mkusanyaji Mikindani.

Likisafirishwa kwa basi kutoka Dar, liombe lije shingo ikiwa imefunguliwa na kufungwa kwa nguo kando ya mwili, ndani ya boksi gumu, lisiwekwe kwenye buti chini ya magunia. Likifika, liache siku moja ndani ya boksi lizoee unyevu wa hapa, kisha funga nyuzi za 9 hadi 42 (unene wake kwa elfu za inchi). Kwenye gitaa ambalo uzi wake una milimita 648 toka mwanzo hadi darajani, seti hiyo huvuta shingo kwa karibu kilo 38, wakati ya 10 hadi 46 huvuta kilo 47. Rudia kipimo cha karatasi baada ya wiki mbili. Ukikaa karibu na bahari, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga, na tupia ndani ya boksi vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.