Steringi Wetu Hapai: Nilivyotengeneza Filamu ya Shujaa Tanga

Wanaosikia kwamba nimetengeneza filamu ya shujaa mwenye nguvu za ajabu hapa Tanga huniuliza kwanza: mlimrushaje angani? Hatukumrusha. Steringi wetu hapai, habebi magari, wala mkononi mwake hautoki moto. Anaita nyuki. Nguvu hiyo nilimpa kwa sababu za mfuko kabla ya sababu za sanaa: nyuki husikika kabla hawajaonekana, na sauti ni rahisi kuliko picha.

Hadithi ilikuja baadaye. Kwanza nilichukua daftari nikaandika kila kitu ninachoweza kukipata bure au kwa kubembeleza. Simu moja yenye kamera nzuri. Kompyuta ya binamu yangu. Guta la jirani. Baiskeli, ambazo Tanga hazina idadi. Mitaa ya Ngamiani iliyonyooka, yenye barabara za namba, tambarare kabisa. Mapango ya Amboni. Na bibi yangu, ambaye akianza kusimulia hata mgonjwa anainuka.

Bibi ndiye aliyetupa nyuki. Mtu wa Tanga ameshasikia habari ya Novemba 1914: Waingereza waliposhusha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakapambana na kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika, kama 1,000 hivi, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Katikati ya risasi nyuki wakavurugwa kwenye mizinga yao, wakatoka na hasira zao na kuuma bila kuuliza mtu ni wa upande gani. Waingereza wakashindwa, wakarudi melini. Basi mimi nikajiuliza: je, siku ile kama palikuwa na mwanamke aliyewaita? Na kama kitukuu chake leo ni fundi baiskeli wa Ngamiani, hajui ana nini mwilini? Filamu ikawa imepatikana, na jina lake, *Nyuki wa Ngamiani*. Mashujaa wa Marekani wana kampuni zinazowamiliki. Ukimchukua mmoja wao ukamvisha kanzu, bado ni mali ya mtu. Wa kwetu hadaiwi na yeyote.

Vibali sitavikalia sana. Filamu Tanzania ziko chini ya sheria ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayotoa kibali na kuikagua kazi kabla haijaonyeshwa hadharani. Usiache hilo hadi mwisho. Nenda pia kwa mwenyekiti wa mtaa, na kama una sini ya ugomvi barabarani, waambie polisi mapema. Watu wakiona mtu anakimbizwa na mapanga hawasubiri kuuliza kama ni picha. Droni nilizikataa tangu mwanzo, maana zina vibali vyake peke yake. Juu ya ghorofa ya rafiki palitosha.

Mavazi ndiyo yaliyotuokoa. Nilimpelekea fundi cherehani kitambaa cheusi na cha njano, kamba ya mkonge ya kufumia mkanda wa kiunoni, na kofia yenye wavu ya wafuga nyuki. Akaigeuza huku na huku.

"Mwanangu, huyu shujaa au mrina asali?"

"Vyote viwili, mama."

"Basi mshonee mifuko. Mrina asali hakosi mifuko."

Tukashona mifuko. Lakini uzuri wa mavazi yale uko kwenye wavu. Uso hauonekani vizuri, kwa hiyo palipohitajika kuruka ukuta au kuendesha baiskeli kwa kasi, aliyevaa hakuwa ekta wetu, dada anayemwigiza shujaa, bali kijana mmoja wa barabara ya jirani mwenye umbo kama lake. Hakuna aliyegundua. Bila wavu ule ningelazimika kumfundisha dada wa watu kuanguka, au kumvunja mguu.

Sasa kundi la nyuki. Nyuki hai hatukuwagusa; nyuki wa huku ni wakali, na simu haina bima. Binamu yangu alitaka kuwachora kwenye kompyuta kwa Blender, programu ya bure, lakini mashine yake ilikuwa inapumua kama mgonjwa wa pumu kila ikianza kazi hiyo. Tukatumia makapi ya chai. Unayachemsha na kuyaosha mpaka hayatoi rangi tena, unajaza maji kwenye chombo kikubwa cha kioo, nyuma yake unatundika shuka jeupe lililopigwa mwanga sawasawa. Unadondosha makapi kidogo kidogo na kukoroga kwa mwiko huku simu ikirekodi kwa karibu. Kwenye kuhariri (tulitumia DaVinci Resolve, toleo la bure) unaiweka picha hiyo juu ya sini yako na kuchagua namna ya kuchanganya ambayo cheupe hupotea na cheusi hubaki. Nyuki hao hapo. Ufundi wenyewe uko kwenye kuirudisha picha nyuma: makapi yanayotawanyika majini, ukiyachezesha kinyume, yanakuwa kundi linalokusanyika kutoka kila upande na kutua kwenye kiganja cha mtu. Sini hiyo ndiyo inayowafanya watu wanyanyuke, na imetengenezwa kwa makapi yaliyokuwa yaende jalalani.

Sauti tuliifuata Handeni, kwa mzee mfuga nyuki. Kabla hatujasogelea mizinga alitunusa mmoja mmoja, na aliyejipaka manukato akabaki kwenye gari. Nyuki hupiga mabawa zaidi ya mara 200 kwa sekunde, ndiyo maana mlio wao ni ule ule mmoja, wa katikati. Ukiushusha chini kwenye kompyuta unakuwa mnguruma mzito, unaousikia tumboni. Tukagawa: mlio wa kawaida shujaa anapokuwa mpole, mzito akikasirika. Zaidi ya nusu ya nguvu zake kwenye filamu ni huo mlio, pamoja na nyuso za watu wanaogeuka kutazama juu. Kumshawishi mtu ageuze shingo ni bure.

Kwa upande wa picha, nitasema machache. Pakua programu ya kamera inayokuachia kupanga mwenyewe, weka picha 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukienda kinyume na namba hizo baadhi ya taa za ndani zitapepesa kwenye video. Saa sita mchana usishuti nyuso: Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua linakaa utosini na macho ya ekta yanageuka mashimo. Tulifanya kazi kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, tukapumzika, tukarudi saa kumi jioni. Za kukimbizana zote, mshika simu alikaa kwenye guta huku mwenye guta akikanyaga. Barabara za Ngamiani ni kama zilichorwa kwa ajili hiyo.

Amboni tulishuti mdomoni mwa pango tu, ambako mwanga wa jua unaingia. Ndani zaidi ni giza, simu inajaza picha chengachenga, halafu popo hawajui kunyamaza. "Ndani ya pango" unayoiona ni stoo ya shangazi iliyotundikwa magunia yaliyoloweshwa, na tochi moja. Vita vya 1914 navyo ni vivuli: vijana watano wanatembea mbele ya taa, kivuli kinaanguka kwenye ukuta mweupe wa nyumba ya zamani, bunduki ni vijiti vya mihogo. Bibi anasimulia juu yake. Hakuna sare hata moja tuliyokodi.

Muziki nao. Huu ni mji wa taarabu, wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, na kishawishi cha kuchomeka wimbo wa zamani kilikuwepo. Lakini nyimbo zina wenyewe. Tukampata mpiga kinanda wa harusi, akatutungia vipande vipya, tukaandikishana karatasi. Na maekta wote waliandikishana nasi, hata binamu. Undugu na pesa za filamu ni bora viwe na sahihi.

Fedha zote hazikufika milioni mbili, na sehemu kubwa ililiwa, nasema kuliwa kwa maana ya wali. Ekta asiyelipwa vizuri atakuvumilia, asiyekula atakuaga. Shangazi alipika, na siku ya samaki wa kupaka hakuna aliyechelewa kufika lokesheni.

Tuliionyesha kwanza kwenye banda la video la mtaani, baada ya ukaguzi kupita. Spika moja tuliiweka mbele, nyingine tukaificha nyuma ya mabenchi, na mlio wa nyuki ukatokea nyuma kwanza. Banda zima likageuka. Mzee mmoja akatoka nje kabisa, akarudi anacheka mwenyewe na kudai arudishiwe sehemu aliyoikosa.

Sehemu ya pili tunaiandika sasa. Adui atakuwa mafuriko, kwa kuwa mvua za masika huja zenyewe na hazidai posho. Kinachotusumbua kwa sasa ni namna ya kuikinga simu.