Jinsi Nilivyoondoa Unyevu Katika Hema la Kambi ya Elki

Kambi yetu ya kuwinda elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu wa Amerika Kaskazini, huwa katika milima ya Colorado, kwenye mwinuko wa mita 3,000 hivi, nasi huhamia huko kabla ya msimu wa bunduki wa Oktoba ili miili izoee hewa nyepesi. Tatizo lililotusumbua lilikuwa unyevu: kila alfajiri paa la hema lilikuwa limeganda barafu kwa ndani, ambayo iliyeyuka tulipowasha moto na kudondokea mablanketi.

Chanzo kilikuwa hita ya gesi isiyo na bomba la moshi. Kilo 1 ya propani ikiungua hutoa takriban kilo 1.6 za mvuke wa maji, ambao hubaki hemani pamoja na ule wa pumzi za waliolala. Niliiondoa hita hiyo, nikaweka jiko la chuma la kuni lenye dohani inayopita kwenye tundu la paa lililozungushiwa kitambaa kisichoshika moto, kwa kuwa jiko la namna hiyo hupeleka mvuke nje na kuvuta hewa kavu kutoka upande wa mlango. Madirisha mawili yanayotazamana niliyaacha wazi kidogo usiku kucha. Wenzangu walilalamikia baridi, lakini upenyo huo ndio pia kinga dhidi ya kaboni monoksaidi, gesi inayoua bila harufu. Kuni ziwe kavu, maana mbichi huziba dohani kwa masizi.

Barafu haijaonekana tena, na mablanketi hukauka hata theluji ikianguka.