Siku moja na Bosi, mbwa anayesomea kazi ya kuongoza wasioona

Saa kumi na moja alfajiri. Bosi hajabweka, amekwaruza tu mlango wa kizimba chake, na hiyo inatosha kuniamsha. Ana miezi mitano, chotara wa Labrador na Golden Retriever. Jina nililikuta tayari: ndugu zake wa tumbo moja wote majina yao yanaanza na herufi B, na yeye akaangukiwa na hilo. Mimi ni mlezi wake wa kujitolea.

Tunatoka gizani, mimi na kandambili zangu, yeye na kamba yake. Hapa ndipo watu huanza kushangaa nikiwasimulia. Bosi haendi haja popote anapojisikia. Anakwenda akiwa kwenye kamba, mahali nilipomsimamisha, baada ya kusikia neno lile lile kwa sauti ile ile. Leo nimemsimamisha kwenye saruji makusudi, kwa sababu majani anayapenda mno, na mtu asiyeona hatapata majani kila aendako. Huyo atakayekuwa naye baadaye atasimama hivi hivi, atamwekea mkono mgongoni, na kwa jinsi mgongo ulivyojikunja atajua kama ni haja ndogo au kubwa, kisha aokote kwa mfuko palepale. Mbwa anayejisaidia ovyo njiani humwaibisha mtu ambaye hata hakuona kilichotokea. Basi nasimama. Nasema lile neno. Bosi anatazama nondo akizunguka taa. Nasema tena. Kusubiri mbwa akojoe ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii, na haipigwi picha.

Saa kumi na mbili, chakula. Bakuli linawekwa chini naye ameketi, hagusi hadi filimbi ilie. Mlio huo huo ndio utakaomrudisha siku akifunguliwa kamba uwanjani. Kisha namkagua masikio, meno, kucha, hata katikati ya vidole. Lazima azoee kushikwa kila mahali, maana atakayeishi naye atamkagua kwa mikono.

Kazi inayonilipa mshahara naifanya mezani kwangu kuanzia saa mbili hadi saa sita, Bosi kalala miguuni pangu. Kiti kimoja kimepoteza umbo. Umri huu meno ya utoto yanang'oka na fizi zinawasha.

Kwa wanaouliza: hapana, ulezi huu haulipwi. Shirika lililomleta linagharimia chakula na daktari wa mifugo, mimi natoa nyumba, muda na viatu. Alikuja akiwa na wiki nane, ataondoka akiukaribia mwaka na nusu, ndipo wakufunzi watamchukua kwa miezi kadhaa. Wao ndio watakaomvalisha ule mkanda wa kifuani wenye mpini. Watamfundisha kusimama ukingoni mwa barabara, kukwepa vizuizi, na hata kukataa amri: akiambiwa aende mbele na gari linakuja, asiende. Mimi sifundishi lolote kati ya hayo. Ukiniuliza namfundisha nini basi, jibu la kweli ni kwamba namfundisha kutofanya. Asimrukie mtu, asiokote kitu chini, asimfuate paka, alale chini ya kiti saa nzima na dunia ipite mbele ya pua yake. Jaribu kumwambia hivyo mtoto yeyote mwenye miezi mitano, wa kiumbe chochote.

Saa saba namvalisha kizibao chake cha mwanafunzi na tunatoka. Kwenye basi anajikunja chini ya kiti, mkia ndani, usikanyagwe. Njiani tunakutana na wavu wa chuma unaofunika mfereji. Wiki iliyopita aliuruka kama moto. Leo simvuti wala simbembelezi, nasimama tu na kumwacha anuse, na baada ya muda anaweka mguu mmoja, halafu wa pili. Namzawadia punje moja ya chakula chake. Lakini ngazi za daraja la waenda kwa miguu, zile zilizo wazi katikati ya vipandio, zinamshinda. Anaona chini, anakaa kitako. Sawa. Tunazunguka.

Saa nane tuko kwenye ofisi moja ya huduma, kwenye foleni ya viti. Siku mbili kabla nilikuwa nimepiga simu kuomba ruhusa, nikakubaliwa. Si jambo la kudai. Nchi nyingi sheria inamlinda mtu asiyeona na mbwa wake aliyekwisha kufuzu, ila mwanafunzi kama Bosi mara nyingi anategemea moyo wa mwenye mlango. Bosi akalala. Dakika kumi, ishirini. Nilikuwa najivunia kimoyomoyo, nakiri.

Ndipo akaja mzee mmoja akakaa pembeni yangu. Nadhifu, mcheshi, mikono haitulii.

"Tss, tss, tss!"

Masikio ya Bosi yakasimama.

"Samahani mzee wangu, yuko darasani. Tunaomba asiitwe wala asishikwe."

"Darasani? Kichanga hiki? Kijana, mimi nimefuga mbwa tangu utotoni. Mbwa wananijua."

Sina shaka walimjua. Nikamweleza kwa upole kwamba mbwa huyu akizoea kuwa kila mtu ni rafiki wa kumchezea, siku moja atamvuta mtu asiyeona katikati ya watu akimfuata anayemwita. Nikamwonyesha pia mama aliyekuwa kiti cha tatu, aliyekwisha kukusanya gauni lake karibu. Wapo wasiotaka mbwa awaguse, kwa uoga au kwa imani yao, na wana haki yao. Bosi akifundishwa kutomkaribia yeyote, anawastahi na wao.

"Mambo ya siku hizi haya," akasema mzee.

Nikamwambia si ya siku hizi. Shule ya kwanza ya mbwa hawa ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofushwa vitani. Mwaka 1928 kijana Mmarekani asiyeona, Morris Frank, alitoka Uswisi na mbwa wake Buddy, akavuka naye barabara ya New York yenye magari mengi huku waandishi wa habari wakimtazama, kisha akatumia miaka akibishana na wenye milango waliomkatalia kuingia na mbwa. Mzee alisikiliza vizuri, hata akauliza swali zuri: mbwa anajuaje taa ikiwa nyekundu? Hajui. Mbwa hatofautishi vyema nyekundu na kijani. Anayeamua kuvuka ni mtu, kwa kusikiliza mwendo wa magari. Mbwa anabaki na kura ya kukataa. Mzee akatikisa kichwa kwa mshangao, nami nikadhani tumeelewana.

Kumbe mkono wake wa pili ulikuwa mfukoni unavunja biskuti.

Nilisikia kabla sijaona. Bosi alikuwa amesimama, anatafuna, pua sakafuni, anafagia chini ya viti kutafuta nyingine. Mama wa kiti cha tatu akainuka. Usingizi wa dakika arobaini ukaishia hapo, na najua hautarudi leo, wala kesho tukikaa kwenye viti vinavyofanana na hivi. Sasa Bosi ana hakika kwamba chini ya viti vya watu hutokea chakula. Chukua mbwa mwenye hakika hiyo umkabidhi mtu asiyeona. Atamvuta kila penye makombo, atameza mfupa uliochongoka au sumu ya panya, na mwenzake hatajua mpaka mbwa aanze kutapika.

"Kidogo tu," akasema mzee. "Hakuna ubaya. Mnawatesa viumbe hawa."

Sikumjibu, kwa sababu mlinzi alikuwa amefika. Nani kaleta mbwa? Nikaeleza simu niliyopiga. Hakuambiwa. Nikataja cheo cha aliyeniruhusu. Ameenda chakula cha mchana. Basi nikaombwa, kwa adabu nyingi, nisubiri nje mpaka arudi, na namba yangu ya foleni ikaitwa nikiwa kivulini kwenye ukuta nikimtazama Bosi akilamba makombo ya mwisho kwenye masharubu yake. Aliporudi huyo bwana alithibitisha kila kitu kwa dakika moja. Nikapewa namba mpya. Mzee alikuwa amehudumiwa na kuondoka, akanipungia mkono kwa furaha kabisa.

Namba mpya ilikuwa mbali sana. Nilikaa mguu mmoja ukikanyaga kamba, nikimwita Bosi kwa jina kila alipoinamisha pua, nikimlipa punje kila aliponitazama. Mtu mmoja mbele aligeuka kila nilipoita "Bosi", mpaka nikaanza kunong'ona. Mtaniona mwendawazimu. Ndivyo tunavyoonekana wengi wetu, watu wazima wenye vijaluba vya chakula cha mbwa kiunoni, wakisifia kitu ambacho hakikutokea.

Tulifika nyumbani jua likiwa limeshuka. Kamba, kizibao, maji, neno lile lile kwenye saruji. Watu hudhani mbwa anayechoka hulala. Mtoto wa mbwa akichoka kupita kiasi hupandwa na wazimu: Bosi alizunguka sebule akiwa na soksi yangu mdomoni, nami nimelala sakafuni sina nguvu ya kumfuata, na hata ningekuwa nazo nisingemfuata, maana kufukuzana ndio mchezo anaoutaka. Nikampa kitu chake halali cha kutafuna. Akakizingatia, akabadilishana, akazimika ghafla.

Dada yangu akapiga simu, na kama kawaida tukafika pale: "Na siku ya kumrudisha utafanyaje?"

Nitalia, nikamwambia, kisha nitafua zulia. Anataka jibu refu zaidi kila mara. Sina. Wengi hawafuzu pia: mwingine anaogopa kelele, mwingine nyonga zake hazifai, mwingine hawezi kuacha ndege wapite. Hao hupewa kazi nyingine au huenda kufugwa nyumbani kama mbwa wa kawaida. Biskuti moja haimfelishi mbwa. Biskuti za kila wiki, kutoka kwa kila mpenda mbwa, zinaweza.

Usiku tukatoka mara ya mwisho. Mvua ilikuwa imeanza, na Bosi hapendi tumbo lake lilowe. Akasimama. Nikasimama. Nikasema lile neno.

Kabla ya kulala najaza ripoti ya wiki kwa msimamizi wangu. Kwenye vitu vilivyompa shida mbwa niliandika: ngazi zilizo wazi. Kwenye vitu vilivyompa shida mlezi niliandika: watu wazima. Najua atacheka, halafu ataniambia turudi kwenye ile ofisi wiki hii hii, viti vile vile, kabla Bosi hajakomaa kwenye imani yake mpya. Nimeshawapigia simu. Safari hii nimeomba waongee na mlinzi.