Usiku niliposikia tromboni za Tchaikovsky

Mwaka wangu wa kwanza London nilikuwa nafanya usafi maofisini usiku, na simfoni ya 6 ya Tchaikovsky, yule mtunzi Mrusi, muziki mrefu wa orkestra, ndiyo ilikuwa inanisukumia zamu, naweka hedifoni, dakika kama 45 hivi zinakatika nikiwa nadeki. Kwa hiyo nilidhani naijua.

Kiangazi kile mwenzangu wa kazini akaniambia pale ukumbi wa Royal Albert Hall, kwenye Proms, yale matamasha ya muziki ya kila kiangazi, unaingia kwa hela kidogo tu ukikubali kusimama, utaratibu wenyewe upo tangu Proms zianze 1895. Nikapanga foleni mchana kutwa. Nikapata nafasi pale chini mbele kabisa, yaani nawaona wapigaji mpaka vidole.

Usiku huo walipiga simfoni ile ile yangu. Inaanza na basuni moja, ile filimbi ndefu ya sauti nzito, chini huko, besi zinaguna polepole. Baadaye sauti inafifia, inafifia, Tchaikovsky aliandika p sita kwenye karatasi, maana yake piga mpaka karibu usisikike, ukumbi wote ule watu maelfu umenyamaza kimya, halafu orkestra nzima inakulipukia usoni. Dada aliyekuwa kando yangu aliruka kabisa. Na katikati ya vurugu hiyo tarumbeta na tromboni, zile ndefu za kuvuta na kusukuma, zinaingiza wimbo wa kanisa la Orthodox wa kuwaombea marehemu, kwenye simu ulikuwa unanipita tu, pale nikausikia.

Sehemu ya tatu kati ya nne ni machi, inapanda mpaka unaona huu ndio mwisho, na watu wakapiga makofi kweli, tena kwa shangwe. Bibi mmoja mzee pembeni yangu hakupiga. Akanishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini, "Bado. Sikiliza sasa."

Sasa hapa niseme kitu. Mwanzo wa sehemu ya nne fidla zinalia, ila ule wimbo hakuna anayeupiga mzima, fidla za kwanza zinachukua noti moja, za pili noti inayofuata, wanapokezana hivyo hivyo, wimbo unaousikia unajitengeneza hewani katikati yao. Siku ile walikuwa wamekaa pande mbili wakitazamana na mimi nimesimama katikati, nikawa nauona unavuka kutoka upinde huu kwenda ule. Aisee.

Kuelekea mwisho upatu unagongwa mara moja tu, taratibu, na baada yake tromboni tatu na tuba peke yao.

Mimi nimelelewa na tromboni. Baba alipuliza kwenye bendi ya matarumbeta ya Walutheri kwetu Machame, Kilimanjaro, kila msiba tulikuwa nao, na alipofariki yeye wenzake walisimama pembeni ya kaburi chini ya migomba wakapuliza mpaka ng'ambo ya bonde wakajua leo anazikwa mtu wetu. Hizi za Tchaikovsky zilikuwa zinapulizwa kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Lakini ni zile zile. Nilizitambua kifuani kabla ya masikio, machozi yakaanza kunitoka na sikuyafuta.

Tchaikovsky mwenyewe aliiongoza simfoni hii kwa mara ya kwanza St. Petersburg tarehe 28 Oktoba 1893, watu hawakuielewa sana, maana simfoni inayoishia kwenye giza namna ile hawakuizoea. Siku tisa baadaye akafa, ana miaka 53, ikaelezwa ni kipindupindu. Novemba hiyo hiyo ikapigwa tena kumkumbuka, na safari hiyo ndipo ikawaingia. Naamini kabisa, nimeona inavyoingia.

Mwisho zilibaki chelo na besi tu, zinapungua mpaka sijui ziliacha saa ngapi. Mwongozaji hakushusha mkono. Hakuna aliyekohoa. Yule bibi alikuwa amefumba macho, bado kanishika mkono.

Nilipotoka nje nikampigia mama, Machame ilikuwa imeshapita saa sita usiku, akapokea kwa hofu.

"Kuna nini mwanangu?"

"Hakuna kitu mama, shikamoo. Ile tromboni ya baba bado ipo?"

Akakaa kimya kidogo.

"Ipo juu ya kabati. Nimeifunika na kanga."