Bastola ya bei nafuu na kazi ya kuitunza

Mtu wa kwetu hapa Houston, Texas, anapoamua kununua bastola ya kulinda nyumba yake, swali lake la kwanza huwa la bei, na ni haki yake kuuliza hivyo, kwa kuwa wengi wetu tunalipa kodi ya nyumba, tunatuma fedha nyumbani na tunasomesha watoto kwa mshahara uleule mmoja. Bastola yangu ni Taurus G2C ya milimita 9. Nilipoinunua bei yake ilikuwa chini ya dola 250, ilhali bastola za ukubwa huo zenye majina makubwa zaidi zilikuwa zikiuzwa kwa karibu mara mbili ya fedha hizo. Nimekaa nayo miaka kadhaa sasa, na msimamo wangu ni kwamba bastola ya bei nafuu inatosha kabisa, mradi mwenyewe akubali kwamba kazi ya kuithibitisha na kuitunza imebaki mikononi mwake.

Taurus ni kampuni ya Brazil iliyoanzishwa mwaka 1939, na tawi lake la Marekani lilihamia Bainbridge, katika jimbo la Georgia, mwaka 2019 baada ya miaka mingi ya kuwa Miami. G2C ni bastola ndogo: mtutu wake una urefu wa sentimita 8 hivi, fremu yake ni ya plastiki ngumu, uzito wake bila risasi ni kama gramu 620, na magazini yake, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, inachukua risasi 12. Ina swichi ya usalama ya kusukuma kwa kidole gumba, jambo ambalo bastola nyingi za aina hii hazina, na mimi binafsi naipenda kwa sababu hiyo. Ni kweli pia kwamba mwaka 2015 kampuni hiyo ilifikia mapatano mahakamani kuhusu aina 9 za bastola zake za zamani, karibu milioni moja kwa jumla, zilizodaiwa kwamba zinaweza kufyatuka zikianguka. G2C haikuwa miongoni mwake. Hata hivyo, anayenunua Taurus iliyotumika, hasa Millennium za kizazi cha kwanza au 24/7, asitoe fedha kabla ya kuhakikisha ni aina gani hasa anayouziwa.

Kuhusu sheria nitasema machache, lakini ni machache ya lazima. Muuzaji mwenye leseni atakupa fomu ya serikali kuu iitwayo 4473, na majibu yako ndiyo yatakayotumika kukuchunguza katika mfumo wa FBI kabla ya kukabidhiwa silaha. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kununua. Aliyeingia kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kuimiliki, isipokuwa awe katika mojawapo ya misamaha michache iliyotajwa na sheria, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Hapa ndipo undugu wetu unapoweza kutuponza, kwa sababu binamu aliye chuoni atakuja kukuomba umnunulie kwa jina lako, naye atakupa fedha taslimu na kukuhakikishia kwamba hakuna atakayejua. Kufanya hivyo ni kosa la jinai la serikali kuu, na kwa mtu ambaye bado hajapata uraia linaweza kumfukuzisha nchini. Mwambie hapana, hata kama shangazi atapiga simu kutoka Nakuru au Moshi.

Baada ya kununua, kazi ya kwanza ni kuisafisha, kwa kuwa mafuta inayotoka nayo kiwandani ni ya kuzuia kutu wakati wa kusafirishwa na kukaa dukani. Kazi ya pili ndiyo inayogharimu: kuipeleka kwenye uwanja wa shabaha na kuipigisha risasi za kutosha hadi ujue tabia yake. Mimi nashauri risasi zisizopungua 300 kabla ya kuitegemea kwa ulinzi, zikiwemo pakiti mbili za aina ileile ya risasi utakayoiweka nyumbani. Ukihesabu kila risasi ya mazoezi kwa senti 25 hadi 30, na zile za ulinzi zenye ncha ya shimo kwa bei ya juu zaidi, utaona kwamba mazoezi hayo ya mwanzo yanaweza kukaribia nusu ya bei ya bastola yenyewe. Wanaosema wamepata silaha kwa dola 230 huwa wanasahau hesabu hii, na ndiyo maana wengi wao wana bastola ambayo haijawahi kupigwa hata pakiti moja ya risasi 50.

Wakati wa majaribio hayo, risasi ikikwama usikimbilie kuilaani bastola. Magazini zangu mbili nimeziandika namba 1 na 2 kwa rangi nyeupe chini ya kitako, ili kama tatizo linajirudia nijue linatoka kwenye magazini ipi. Mara nyingi springi iliyolegea au midomo ya magazini iliyopinda ndiyo chanzo, nayo hutibiwa kwa kununua magazini nyingine tu. Chanzo kingine ni mkono wenyewe. Bastola ndogo ya nusu otomatiki huchukua nguvu ya mlipuko kuirudisha nyuma slaidi, yaani sehemu ya juu inayoteleza, kutupa ganda nje na kupandisha risasi mpya, na kifundo cha mkono kikilegea, fremu hurudi pamoja na slaidi, hivyo mwendo huo haukamiliki. Mke wangu alipoanza kujifunza, bastola ilikwama mikononi mwake mara kwa mara, na mwalimu wa uwanjani hakugusa chombo hata kidogo. Alimrekebishia namna ya kushika tu, na tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Liko jambo moja la uwanjani ambalo kila mwenye bastola lazima alijue. Ukisikia mlio mdogo kuliko kawaida, na bastola ikakosa kusukuma mkono kama ilivyozoea, acha kupiga mara moja, wala usikoki tena kwa haraka. Yawezekana risasi ilikosa baruti ya kutosha na kichwa chake kimekwama ndani ya mtutu. Risasi ya pili ikifuata, mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako. Toa magazini, ondoa kilichomo kwenye chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kisha mwite msimamizi wa uwanja aukague mtutu.

Sasa usafi. Nasafisha kila ninapotoka uwanjani, na kabla ya kuanza naondoa risasi zote chumbani, yaani si kuzisogeza pembeni ya meza, bali kuzipeleka chumba kingine. Sababu yake ni hii: ili G2C ifunguke, lazima ubonyeze triga, yaani kifyatulio, kwanza. Bastola kadhaa za aina hii zimeundwa hivyo, na mtu aliyesahau risasi kwenye chemba hufyatua risasi halisi akiwa mezani kwake. Kwa hiyo natoa magazini, navuta slaidi na kuifunga nyuma, naiangalia chemba kwa macho, kisha naingiza ncha ya kidole kidogo kuhakikisha ni tupu, maana jicho lililochoka na zamu ya usiku huona kile linachotarajia kuona. Baada ya hapo naelekeza mtutu mahali salama, nabonyeza triga, narudisha slaidi nyuma kidogo sana, nashusha vifungio viwili vya pembeni kwa vidole vya mkono mwingine, na slaidi hutoka mbele. Springi na fimbo yake hutoka kwanza, halafu mtutu.

Mtutu husafishwa kwa brashi ya shaba yenye dawa ya kuyeyusha masizi, ikipitishwa kutoka upande wa chemba kwenda mdomoni, na baadaye vitambaa vidogo hadi kitambaa kitoke bila weusi. Chini ya ule mkono mdogo wa chuma unaochomoa ganda hujificha uchafu mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na mswaki wa zamani ndio unaoufikia vizuri. Mafuta ni kidogo: tone moja kwenye kila reli ambayo slaidi hutelezea, na utando mwembamba juu ya mtutu mahali panapong'aa kwa msuguano. Njia ya pini ya kupigia, iliyo ndani ya slaidi, inapaswa kubaki kavu. Wapo wanaomimina mafuta humo wakidhani wanaifanyia hisani, kumbe mafuta hayo hushika masizi, hugeuka tope zito, na siku moja pini hufika kwenye fataki, ile inayowasha baruti ya risasi, ikiwa imepungukiwa na nguvu. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni na maji ya baridi na ubadilishe shati kabla ya kumbeba mtoto, kwa sababu masizi hayo yana madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Houston ina unyevu mzito kama Mombasa, na anayebeba bastola kiunoni wakati wa joto ataona vidoa vya kutu kwenye slaidi nyeusi ya chuma ndani ya wiki chache asipoifuta jasho. Kitambaa chenye mafuta kidogo kila jioni kinatosha. Ndani ya kasha la chuma naweka pakiti za kunyonya unyevu na kuzibadilisha zikishiba, na sihifadhi bastola ndani ya mkoba wa ngozi, kwani ngozi hushika maji na kuyakalisha juu ya chuma. Springi ya slaidi nayo huchoka kwa matumizi, kwa hiyo ganda likianza kurushwa mbali kuliko zamani, au slaidi ikisita kurudi mbele kikamilifu, huo ni wakati wa kuibadilisha, na bei yake si ya kumtisha mtu. Alama ya nyuma ya kulengea kwenye G2C ni ya plastiki, na kwa kweli hiyo ndiyo sehemu ninayoiona dhaifu. Ikaguliwe kila mara kama haijalegea.

Kuhusu mahali pa kuiweka, sheria ya Texas inamhesabia kosa mwenye silaha anayeiacha ikiwa na risasi bila kuilinda hadi mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia. Nyumba zetu hazikosi wageni: wapwa huja wikendi, majirani wa kanisani au msikitini huleta watoto, na watoto hao hufungua kila droo. Kasha dogo la kufungua kwa namba, lililokazwa kwa skrubu ndani ya kabati la nguo, lilinigharimu chini ya dola 100. Namba yake tunaijua mimi na mke wangu peke yetu, na huibadilisha kila betri inapobadilishwa.