Dada, Ni Nini Hicho?

Jana binti yangu alifungua kabati la jikoni, akalifunga. Akafungua friza, akaifunga pia. "Mama, hamna chakula." Nikasogea kuangalia: maharage ya kopo, nyanya nzito, kitunguu kimoja kilichoanza kuchipua, wali kwenye mfuko, njegere zilizoshikamana na barafu. Sikumjibu. Miaka 12 iliyopita nilisimama mbele ya vitu hivyo hivyo, mdogo wangu amekaa nyuma yangu.

Hakupiga simu kwanza. Aligonga saa nne usiku, begi moja mkononi, akasema hajala tangu asubuhi. Basi. Ndivyo alivyo: akinyamaza, hakuna wa kumfungua mdomo. Nikamwambia akae, nikaingia jikoni.

Wali haukunitia wasiwasi. Kiporo hukaangika vizuri kuliko wali ulioepuliwa sasa hivi, maana punje zake zimekauka na kushupaa, hazibondeki kwenye kikaango. Nilichoogopa ni ladha. Vyote vilikuwa vitu vya kushibisha, na hakuna hata kimoja chenye harufu ya kumwita mtu mezani.

Kwa hiyo kitunguu nikakipa muda. Hapo ndipo njaa hukusukuma utie kila kitu kwa mkupuo, na hapo ndipo chakula cha namna hii huharibika. Nilikikata chembamba, nikakiweka kwenye moto mdogo, nikakoroga mpaka kikalegea na kupata rangi ya asali. Kisha nyanya, bila maji. Nyanya nzito ikitiwa maji mapema hubaki na ule ukali wa kopo. Inataka ikaangwe kwanza. Niliitandaza kwa mwiko kwenye mafuta, ikatoa vipovu vizito, nikaikwangua, nikaitandaza tena. Wekundu wake ukakolea, ukawa wa tofali, na mafuta yakajitenga pembeni yana rangi ya chungwa. Harufu nayo ikageuka. Punde tu ilikuwa harufu ya kopo, mara ikawa harufu ya nyumba yenye mtu anayepika.

Nikasikia kiti kinasogezwa. Mdogo wangu akaja akasimama mlangoni, viatu bado miguuni.

"Dada, ni nini hicho?"

"Kitunguu na nyanya."

Hakuondoka. Alibaki pale akivuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini, nami nikaendelea kukoroga kitu ambacho hakikuhitaji tena kukorogwa, ili tu asiwe na sababu ya kurudi kukaa peke yake.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Maharage na ule mchuzi wake mzito wa kopo, wali, chumvi. Njegere mwishoni kabisa: hupitishwa kwenye maji ya moto kabla ya kugandishwa, kwa hiyo dakika tatu zinazitosha, ukizidisha zinapoteza ukijani na utamu. Nikaacha wali ushike chini upate ukoko, nikadondoshea siki kidogo.

Alikula sahani mbili. Ukoko aliukwangua mwenyewe, nusu akaniwekea mimi. Alipomaliza sahani ya kwanza nilikuwa na swali mdomoni: nini kimekutoa huko? Badala yake nikamwongezea chakula. Alikaa kwangu miezi miwili, akapata pengine pa kuishi. Hakuwahi kusema, nami sikuwahi kuuliza. Kuna siku naamini sahani ile ilimtosha. Kuna siku naona nilijificha nyuma ya kikaango, na kwamba huenda alikuja kwangu ili aulizwe.

Binti yangu alikuwa bado amesimama, ananingoja. Nikampa kisu na kitunguu, nikamwonyesha unene ninaoutaka. Akauliza kwa nini moto mdogo hivyo na njaa inauma. Nikamwambia asubiri nyanya iingie.

Ilipoanza kukolea, akainua uso kutoka kwenye kikaango, akanitazama. Nikamwachia mwiko, nikaenda sebuleni kumpigia mjomba wake. Simu iliita mara mbili. Nilikuwa nimelipanga swali lile la siku zote, neno kwa neno, lakini akaniwahi.

"Dada," akasema, "umekula?"