Siku moja nyuma ya nondo za duka la mtaani

Saa kumi na moja alfajiri nafungua, kwa sababu mama wa vitumbua hawezi kusubiri kuche. Anataka mafuta na sukari, na bado hajauza kitu, kwa hiyo namwandika. Siku yangu huanza na deni kabla ya shilingi.

Niko Mbagala, Dar es Salaam. Mimi ni Mnyiramba wa Singida, ila mtaa mzima unaniita Mangi, maana mwenye duka hapa ni Mangi, jina la Kichaga, atoke Rombo asitoke Rombo. Desemba nafaidi: wenzangu wakipanda mabasi kwenda Kilimanjaro kula Krismasi, wateja wao wote wanahamia kwangu.

Hadi saa mbili ni kukimbizana. Mkate, majani ya chai, kiberiti, vocha, mtoto wa shule anataka kalamu na mkononi ana noti ya 10,000 wakati chenji sina.

Kukitulia nafikiria yale maneno ya wenye magari: eti watu wa huku hawajui kupanga matumizi, wangenunua lita nzima wangeokoa. Ni kweli, mafuta ya kupima ni ghali kuliko ya lita. Nayauza mwenyewe, sifichi. Lakini saidia fundi analipwa jioni na anapika jioni. Akiwa na 3,000 mfukoni, akimaliza kununua mafuta, atakaanga nini? Kwangu anachukua mafuta ya 500, sukari ya 300, anapita genge la pembeni kuchukua nyanya, na watoto wanalala wameshiba.

Kazi hii inakujulisha mengi ambayo hukuyauliza. Mtu wa kilo ya sukari akianza kuchukua robo, kibarua kimeota nyasi. Mchele kilo mbili katikati ya wiki, kuna mgeni. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, nilijua nani anakunywa chai bila sukari na nani kaficha kiroba uvunguni. Nanyamaza.

Saa saba mchana jua kali, wateja hakuna, mzee wa nyumba ya nyuma anakaa kwenye benchi langu. Leo kanirudisha kwenye Operesheni Maduka ya 1976, maduka ya watu binafsi vijijini yalipofungwa kupisha ya kijiji, halafu sabuni ikawa ya kutafuta kwa tochi. Nikamjibu kwamba hata hawa wa supamaketi wa juzi wamepita: Shoprite iliwaachia Nakumatt, Uchumi ikafunga 2015, baadaye Nakumatt nayo ikafuata. "Wale hawakuwa na daftari la madeni," akasema, akaomba sigara moja.

Nilisinzia kidogo. Kisha ikaja jioni, na jioni ndiyo inayoniua.

Foleni imefika barabarani, mkono mmoja napima dona, mwingine napokea hela, ndipo akaja jamaa mmoja akaegemea wavu na mwili wote.

"Mangi, nionyeshe daftari la mke wangu."

"Shemeji anadaiwa 18,500, kaka. Ukitaka kulipa, lipa."

"Nataka kuona kitu kimoja kimoja. Pesa ya matumizi naacha kila siku."

Nikamwomba asogee nihudumie watu. Hakusogea. Binti nyuma yake anataka chumvi ya 200, anapitisha mkono chini ya kwapa lake. Mama mmoja akasema, "Lipa uende, baba, tuna vyungu motoni." Mwingine akamtetea: mwanamume ana haki ya kujua. Hapo foleni ikageuka baraza. Wakaingia mahari, mishahara, mawifi, na mimi nimeshika kipimo hewani, mafuta yanachuruzika hadi kwenye kiwiko.

Yaliyo kwenye ukurasa ule nayajua. Ni mambo ya kawaida kabisa, lakini ni yake shemeji, kaniamini nayo. Nikimfungulia huyu, kesho nusu ya mtaa haiji.

Akagonga meza mara ya pili. Nikatoa daftari, nikalifungua, nikamwinamia polepole: "Nianze na ukurasa wa mama, au nianze na wako?"

Wake una sigara, soda za watu wasio wa nyumbani kwake, na vocha za usiku. Akaangalia foleni. Akatoa 5,000, akasema punguza hapo kwa mama. Kabla hajaondoka akanong'ona, "Nipe sigara mbili. Uandike."

Baada yake sikumbuki saa wala nani alinunua nini. Miguu inawaka, mgongo umekufa, bado kuna hesabu ya mauzo na orodha ya bidhaa za kuchukua kwa jumla kule Rangi Tatu kesho. Karibu na saa nne usiku nashusha mlango, shemeji mwenyewe huyo na kanga begani, anataka panadol.

"Nasikia kapita hapa."

"Kapita. Deni lako limepungua 5,000."

"Na lake je?" akauliza.

Nikajifanya natafuta kufuli.